Mkurya Hakosi Lindo

Siku Godwin alipoondoka kijijini kwao Nyanungu kwenda Dubai, hakuna aliyeuliza atapata kazi lini. Ungeuliza ungeonekana mtoto. Mkurya akitoka kwao anapata kazi ya ulinzi, hilo linajulikana kama inavyojulikana kwamba ng'ombe anakula majani. Werema, mtoto wa shangazi yake, alishuka Dar es Salaam asubuhi na begi lake, akataja jina lake na wilaya anayotoka, na kabla jua halijazama alikuwa amesimama kwenye geti la tajiri mmoja, rungu mkononi. Hakuulizwa cheti. Uso wenyewe ulitosha. Sasa kama Dar wanaajiri uso, Dubai kwenye maghorofa yanayogusa mawingu si wataugombania?

Hivyo ndivyo alivyowaza baba yake, Mzee Nyangwine, na ndivyo alivyowaza Godwin mwenyewe. Wakala waliyempata Sirari akawamalizia, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. Alimpima kijana kwa macho toka kichwani hadi miguuni, akasema wiki mbili tu atakuwa job, Mkurya hata interviu hafanyi.

Nauli ilitoka zizini. Na ng'ombe waliouzwa hawakuwa ng'ombe hivi hivi tu. Walikuwa mahari ya Leonida, dada yake Godwin, aliyeolewa Machochwe kwa Mseti. Kwa Wakurya hili halina mjadala: ng'ombe wa dada ndio wanaomwoa mke wa kaka. Binti anatoka, ng'ombe wanaingia, wanakaa wakimsubiri kijana wa nyumba hiyo apate mchumba. Leonida alimbeba Godwin mgongoni tangu akiwa mchanga, kwa hiyo aliposikia kwamba ng'ombe wake wameuzwa ili mdogo wake apande ndege badala ya kuoa, alicheka tu. Akasema mwacheni mura, kijana wetu, aende, mke hata akirudi atamkuta.

Alicheka kwa sababu wakati huo Mseti alikuwa bado anampiga kwa mpangilio. Miezi mitatu minne inapita, anachapwa kidogo, wanapatana, maisha yanaendelea, na majirani wanasema hiyo ndiyo ndoa. Godwin alipokuwa ameshafika Dubai ndipo mambo yalipoharibika. Tembo walitoka hifadhini wakala mahindi yote ya Mseti, na kwa kuwa tembo hapigwi, alipigwa Leonida. Kofi lilitua sikio la kushoto. Damu ikatoka, baadaye usaha, halafu sikio likanyamaza. Likawa kama mlango uliopigwa misumari.

Akamfunga binti yake Evelina mgongoni, ingawa mtoto alishakuwa mkubwa wa kutembea, akarudi kwao Nyanungu. Mama yake alishafariki, kwa hiyo maneno yote yalikuwa ya baba. Mzee Nyangwine alimtazama sikio, akatazama pembeni. Si mtu mbaya, Nyangwine. Ni mtu wa ng'ombe.

"Ukitoka kwa Mseti atadai ng'ombe wake," alisema. "Na ng'ombe wako, mwanangu, wamepanda ndege."

"Basi nibaki hapa, ng'ombe wakirudi ndipo apewe."

"Na mtoto? Mtoto ni wa ng'ombe. Mseti atakuja kumchukua kesho, na hakuna mzee atakayemzuia. Lakini ng'ombe wakirudishwa wote, mpaka ndama, huyu Evelina ni wa kwetu na hakuna wa kumgusa. Godwin anapata kazi wiki hii au ijayo. Vumilia hadi ulezi uvunwe."

Leonida akarudi Machochwe. Hakurudi kwa sababu ya baba, alirudi kwa sababu hesabu yenyewe ilimwingia akilini. Angeweza kutoka peke yake siku yoyote. Kutoka na Evelina kulihitaji ng'ombe, ng'ombe walihitaji fedha, na fedha zilikuwa zinasubiri Godwin apewe rungu.

Simu yake alikuwa anaichaji dukani kwa Teddy, mwanamke mnene mwenye mdomo usiokuwa na kifuniko, na ni hapo hapo dukani alipokuwa anasikiliza sauti ambazo Godwin alimtumia. Anaegemea gunia la sukari, anaweka simu sikio la kulia, anafumba macho. Sauti za mwanzo zilikuwa tamu. Amefika. Barabara hazina vumbi. Analala chumba kimoja na Waganda na Wanepali, vitanda vya kupandana, lakini ni kwa muda mfupi tu. Kesho anaenda kwenye kampuni ya ulinzi.

Kesho hiyo ikapita. Akaenda kampuni nyingine, na nyingine. Huko walitaka cheti cha ulinzi cha nchi yao, tena cha kusomea na kulipia, wakataka Kiingereza cha kuandika ripoti, wakampima urefu ukutani kama mtoto wa kliniki. Siku moja, Godwin alisimulia, alichoka, akamwambia yule anayemhoji, mtu kutoka sijui nchi gani, kwamba yeye ni Mkurya. Alilisema kwa kifua. Yule mtu akaangalia karatasi zake, akamuuliza Mkurya ni kampuni gani.

Teddy alicheka hadi akashika meza. Leonida naye akacheka, kwa sababu Godwin alikuwa amesimulia huku akicheka. Ila kile kicheko cha kijana kilikuwa na ufa, na sikio moja linalobaki husikia zaidi ya mawili.

Ulezi ukavunwa. Godwin hana kazi.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko mgeni ndiye anayeomba jembe, na hapewi, na akilishika bila karatasi anakamatwa. Wakala wa Sirari alikuwa amempeleka kwa viza ya matembezi, kitu ambacho Nyangwine hakukielewa hata alipoelezwa mara ya pili. Mtu anatembeaje kwa ng'ombe wote wale? Viza ikaisha. Sasa Godwin akawa anaosha magari ya watu kwenye maegesho, ndoo mkononi, jicho moja kwenye kioo na jingine kwenye kona asije akaja askari. Nyanungu wakaisikia hiyo habari. Vijana waliokuwa wanamwonea wivu wakaanza kusema Mkurya amepata lindo, analinda ndoo.

Na Leonida akajifunza kuishi kwa msimu. Hadi mahindi. Hadi mvua za vuli. Hadi baada ya Krismasi, maana wenzake Godwin walimwambia makampuni yanaajiri mwaka mpya. Kila muda ukifika, baba yake anausogeza mbele kidogo, kwa upole, kama mtu anayesogeza mwimo wa boma. Katika hayo yote Mseti hakuwa amesimama. Alimvunja Leonida kidole cha mkono wa kulia, kikaunga vibaya, ikambidi ajifunze upya kushika mwiko. Evelina akaacha kuongea baba yake akiwa ndani. Mtoto alikuwa anakaa upande wa kulia wa mama yake bila kuambiwa, alale, ale, atembee, daima kulia, ili akinong'ona asikike.

Siku moja Leonida alimuuliza Teddy kwa nini watu walioko huko hawasemi ukweli tangu mwanzo. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi na kusema kazi inachukua mwaka, au miwili, au haipatikani.

"Atarudi aseme kwa nauli ya nani?" Teddy akamjibu. "Anayepata anasahau. Aliyekosa anaona aibu. Hapo katikati ndipo wakala anapojenga nyumba."

Ulezi ukavunwa mara ya pili. Ndipo Godwin akapata kazi. Haikuwa ulinzi. Ni kwenye chumba cha baridi cha mfanyabiashara wa nyama, anapakua maboksi yaliyoganda, vidole havina hisia hadi saa ya chakula. Bosi alimalizia mambo ya viza, kisha akawa anakata mshahara hadi fedha yake irudi. Mjukuu wa wachungaji akawa anabeba ng'ombe wa watu, waliokatwa, wakiwa kama mawe. Lakini ilikuwa kazi. Kukata kulipoisha, ikaja sauti ambayo Leonida aliisikiliza kwa Teddy mara nyingi hadi chaji ikaisha tena.

"Dada, nimetuma. Nimemwambia tata, mzee wetu, anunue ng'ombe. Sasa pumua."

Leonida hakupumua, alipanga. Nguo za Evelina zikaingia moja moja kwenye gunia la pumba pale dukani. Mambo ya kurudisha mahari yanafanywa na wazee, si na mwanamke, kwa hiyo ilibidi aende kwanza Nyanungu kumwambia baba yake afunge safari. Mseti asingemruhusu kwenda na mtoto. Leonida akasema mzee anaumwa, akamwacha Evelina, akamwambia sikioni kwamba akirudi atakuja na babu na ng'ombe, na siku hiyo wataondoka wote wawili mchana kweupe, bila kukimbia.

Zizi la baba yake lilikuwa limejaa. Alisimama kwenye mlango wake akavuta ile harufu aliyoisahau, ya samadi mbichi na maziwa, na kwa mara ya kwanza tangu kofi lile machozi yakamtoka hadharani. Akamsalimia baba yake, shikamoo, akapiga magoti. Mzee naye alikuwa amefurahi. Alimwonyesha jike lenye mimba, akamwonyesha dume jekundu lililotoka mnadani. Kisha akasema kesho kutwa yeye na ndugu zake wanawapeleka Kenyamonta.

Leonida akageuza sikio la kulia, akidhani hakusikia vizuri. Machochwe, tata. Mseti yuko Machochwe.

Kenyamonta, mzee alirudia. Kuna binti huko anaitwa Sarah, ametulia, anafaa. Godwin amekuwa mtu mzima, ana kazi nje ya nchi, boma lake haliwezi kukaa bila moshi. Akifa huko atazikwa na nani? Wazee walishakaa, neno lilishatoka.

"Tata, hawa ni ng'ombe wangu wa kutokea."

"Mwanangu, sikiliza." Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana neno lilimkata. "Ng'ombe wako walikuwa wa mke wa Godwin tangu siku walipoingia zizini. Walichelewa njiani tu. Godwin sasa ana kazi. Atatuma wengine, hao ndio tutampelekea Mseti."

Leonida akatoka hadi nyuma ya ghala la ulezi, akampigia mdogo wake. Godwin alipokea kwa kunong'ona, yuko kazini. Alijua. Alikuwa amemwambia baba yake hapana, kisha hapana hafifu, kisha akanyamaza, kwa maana nani wa ukoo wao ameshawahi kumpangia baba yake ng'ombe wa kwenda wapi? Fedha aliituma kwa mzee kwa sababu ndivyo inavyotumwa. Mahari hairudishwi na mtoto juu ya kichwa cha baba. Alilia, Godwin, ndani ya kile chumba cha baridi, halafu akasema sasa kazi anayo, dada, kuisubiri ndiko kulikokuwa kugumu, hii ya pili haitachukua muda. Nyuma yake mtu akampigia kelele kwa lugha nyingine, simu ikakatika.

Angeweza kuweka mwili wake mlangoni mwa zizi. Aliwaza hivyo, wala si kwa utani. Lakini Evelina alikuwa Machochwe kwa Mseti, amekaa amegeukia njia.

Alirudi. Alimkuta mtoto amevaa viatu. Leonida akakaa chini, akamvua kimoja baada ya kingine. Gunia la pumba Teddy alilirudisha stoo bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa Teddy.

Mahindi yalipokuwa yanabeba, Leonida akaitwa Nyanungu kwenda kumpokea mke wa mdogo wake. Ni yeye anayestahili, ng'ombe ni wake. Sarah alikuwa msichana wa mwili mdogo na mikono ya kazi, anaogopa kukaa kabla hajaambiwa kaa. Alikuwa hajawahi kumwona Godwin isipokuwa kwenye simu, amesimama mbele ya ghorofa lisilo lake. Walipobaki wawili jikoni, moto umeshika, aliuliza kwa heshima zote huyo mume atarudi lini.

Leonida alitaka kumweleza. Alitaka kumwambia akimbie kabla hajashika mimba, angali ni binti na ng'ombe bado wanatambulika kwa rangi. Halafu akaona ubaya ulivyokaa. Siku Leonida akitoka kwa Mseti, Mseti atakuja kudai, na mzee hana ng'ombe wengine isipokuwa hawa walioko Kenyamonta. Wataenda kuvutwa huko, na wakivutwa huyu msichana atang'olewa hapa jikoni kama mche. Ili huyu akae hapa, lazima yeye Leonida apigwe kule Machochwe. Hakuna aliyelipanga hilo. Limejipanga lenyewe, kwa mila nzuri na watu wasio wabaya.

Simu ikaita. Alikuwa Godwin, mapumziko ya chakula, anataka kujua mke amefika salama. Leonida akapokea. Akaiweka sikio la kushoto, lile lililokufa, akaibana hapo kwa kiganja ili sauti isimwagike nje, akachochea moto kwa mkono mwingine. Mdogo wake aliongea muda mrefu. Leonida akawa anaitikia, eeh, eeh, mura.

"Anasema nini, dada?" Sarah akanong'ona.

"Anasema tuvumilie," Leonida akamjibu. "Bado kidogo."