Shemeji Anayefunika Kila Kitu

Ukitaka kumkosesha usingizi shemeji yangu Sifaeli, mwambie umeona vumbi sebuleni kwake. Huyu mzee aliendesha magari ya hifadhi kule Momela mpaka akastaafu, na mimi nasema vumbi lote alilokula barabarani ndilo lililomharibu. Nyumbani kwake Lemara hakuna kitu kinachokaa uchi. Runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, bakuli la sukari lina kitambaa juu ya mfuniko wake. Rimoti bado imo kwenye nailoni ya dukani. Makochi ndiyo usiseme! Ukiinuka, kitambaa kinakufuata mgongoni mpaka mlangoni.

Vitambaa hivyo vyote alivifuma dada yangu Tabitha, mkewe. Mume ana hofu ya vumbi, mke ana uzi na sindano; Mungu naye ana utani wake. Tabitha alitutoka mwaka juzi, na tangu hapo shemeji haruhusu kitambaa hata kimoja kiondolewe, labda kwenda kufuliwa, na anakifua mwenyewe.

Kabla hajazidiwa, Tabitha alikaa sebuleni akaimba nyimbo za Kimeru alizotufundisha bibi yetu. Shemeji akazirekodi kwenye kompyuta aliyonunuliwa na binti yao, Hope. Zimo humo tu, hazimo kwenye simu wala mahali pengine. Kila Jumapili akitoka kanisani anaifungua, anasikiliza wimbo mmoja, anaifunga, anaifunika.

Basi Julai hii kompyuta ikaanza kukoroma. Nikampeleka kwa Kuldip, fundi wa kompyuta pale Ngarenaro, anapakana ukuta na duka langu la vitenge. Kuldip ni Kalasinga wa hapa hapa Arusha, kazaliwa hapa, na kwa maneno tunatoshana.

"Shikamoo mzee," akasema, akaisikiliza mashine. "Diski ya ndani imechoka. Nitaibadilisha, lakini kwanza tutoe kila kitu tukiweke humu." Akamwonyesha diski ndogo ya kuchomeka kwa waya, wao wanaiita eksteno. "Niachie mpaka kesho."

"Nikuachie?" Shemeji akaikumbatia kompyuta. "Mke wangu yumo humu. Halali dukani kwa mtu."

"Basi kaa hapa tuimalize pamoja."

"Na vumbi hili? Huku wanachomelea mageti, kule bodaboda! Hapana, baba."

Kuldip akanitazama, mimi nikatazama dari. Akamwelekeza taratibu namna ya kukopi, akamjaribishia picha chache, zikaingia vizuri. Shemeji akaondoka na eksteno kwapani.

Kesho yake huyo, uso umekunjamana. "Imeanza vizuri. Nikaenda kunywa chai, kurudi imezimika."

Kuldip akabadilisha waya. Ikazimika. Akampa eksteno nyingine. Ikazimika. Shemeji akalaumu umeme, akalaumu waliotengeneza waya, akamlaumu mpaka paka wa jirani. Na kila akiileta dukani, Kuldip akiiwasha, inakwenda bila matatizo.

"Mzee, hapa inakubali, kwako inagoma. Kwako kuna nini?"

"Kwangu kuna amani," akajibu, akanuna.

Alipoondoka, Kuldip akanivuta pembeni, utani umemwisha. "Dada Elirehema, kila ikizimika ghafla hivyo diski inaumia. Siku moja itakataa kuwaka, na hizo nyimbo mimi sitaweza kuzirudisha."

Jamani, nilikasirika! Ile ni sauti ya dada yangu, na huyu mzee anaipeleka huku na huku kama kuku wa mnada. Nikafunga duka, nikaenda Lemara.

"Shikamoo shemeji. Haya, fanya kama unavyofanya kila siku. Usibadilishe chochote."

Akaiweka kompyuta kwenye kochi, juu ya mto. Akachomeka eksteno, akabonyeza, mafaili yakaanza kuhama. Vizuri kabisa. Halafu akachukua kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akaifunika. Juu yake akaweka sweta, kwa sababu eti Julai hii baridi ni kali. Ile eksteno, Mungu wangu, akaivalisha soksi.

"Tayari," akasema. "Sasa tukanywe chai."

"Shemeji! Unaipika?"

Nikapenyeza mkono chini ya lile sweta. Moto kama pasi! Kabla sijamaliza kufoka, ikazimika.

Nikampigia Kuldip, nikaweka spika. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akatueleza kuwa mashine inapumua kwa vitundu vyake, na ikizidiwa na joto inajizima yenyewe isije ikaungua. "Mzee, mbona hukuniambia unaifunika?"

"Hukuniuliza," shemeji akasema. "Nani hafuniki kompyuta yake?"

"Mficha uchi hazai, shemeji," nikamwambia. "Haya, ingoje ipoe, halafu uiwashe bila nguo."

Ilipopoa akaiwasha, akabonyeza, lakini kitambaa akabaki nacho mkononi, anakisogeza karibu, anakirudisha. Nikataka kumsema tena.

"Hiki ndicho cha mwisho," akasema polepole. "Alikifuma kitandani. Alikipimia mashine hii hii."

Ulimi wangu unajulikana Ngarenaro nzima. Siku hiyo niliulainisha. Nilimhurumia yule mzee.

"Basi kikunje wewe," nikasema. "Mimi sikigusi."

Akakikunja vizuri, akakiweka mapajani. Tukaihamishia kompyuta mezani, uchi kama ilivyozaliwa, tukakaa kuilinda. Sijawahi kuona ulinzi wa namna ile. Nikikohoa ananikodolea macho. Gari likipita nje, anakimbia kufunga dirisha. Chai ilipoa, hakuigusa. Diski ile iliyochoka ilijikokota mchana kutwa, na mimi moyoni nilikuwa naomba, sikufichi.

Ikamaliza.

Shemeji hakuamini. Akafungua eksteno, akatafuta wimbo wa kwanza, akabonyeza. Tukasikia kikohozi, kiti kikasogezwa, kisha sauti ya dada yangu, karibu kabisa, kama yuko hapo jikoni.

"Sifaeli, imeshaanza? Haya. Nikimaliza uifunike, vumbi hilo."

Ndipo akaanza kuimba.

Nililia. Shemeji hakulia, alikuwa akiitikia kiitikio kwa sauti ya chini, akikosea pale pale anapokosea siku zote. Wimbo ulipoisha akaizima kompyuta, akachomoa waya. Akaigusa tumboni. Akangoja. Akaigusa tena, akauchukua na mkono wangu akauweka pale nihakikishe.

"Imepoa?"

"Imepoa, shemeji."

Akakitoa kitambaa mapajani, akanipa mimi.

"Basi funika," akasema. "Si umemsikia mwenyewe?"