Shokapu Nyekundu za Harusi ya Rahma

Kisa hiki watu wa Bwejuu wanakihadithia vizuri kuliko mimi, na kila wakikihadithia magunia yanazidi, kwa hiyo nimeona bora nikiseme mwenyewe, mwenye aibu yangu, kabla sijaambiwa kuwa nilibeba ghala zima. Sasa naweza kucheka. Siku yenyewe sikucheka, na mke wangu hajacheka mpaka leo.

Gari yangu mliijua: ile ndogo ya rangi ya maziwa, yenye taa za mviringo, ya umri unaokaribia wangu, ambayo nikiipitisha sokoni Darajani wageni walisimama kuipiga picha na mimi nikanyoosha shingo kama vile nimeiunda kwa mikono yangu. Kwa kuitazama ilikuwa malkia. Kwa kuipanda ilikuwa habari nyengine, maana shokapu zake zilikuwa zimekufa zamani, mafuta yamevuja yote, na ukipita shimo moja gari iliendelea kuliitikia shimo hilo mpaka ufike shimo la pili. Sikukuu moja nilimpeleka mke wangu, Bi Salama, kwa dada yake anayekaa Mpendae, hapo hapo mjini, na alipoteremka hakumsalimia mtu, alishika ukuta kwanza.

Basi mjukuu wetu Rahma akachumbiwa na kijana wa Bwejuu, na upande wa bwana harusi wakasema wataleta gari jipya, jeupe, lenye maua, kumchukua bibi harusi. Nikakataa. Rahma nilimuahidi tangu yu mdogo kwamba siku yake nitamuendesha mimi, na yeye mwenyewe (Mungu amuweke) akasema anataka gari ya babu. Bi Salama akatoa sharti lake mbele ya watu wote wa nyumbani, nisije nikasema sikusikia.

"Mpeleke," alisema. "Lakini ikitutia aibu njiani, Bwana Makame, gari hiyo hairudi hapa."

Mtu mwenye akili angeuliza kwanza aibu inaanzia wapi. Mimi nikaenda kununua shokapu.

Muuzaji alinitolea aina mbili. Za kwanza nyeusi, nyembamba, za gari ndogo kama yangu. Za pili nyekundu, nene kama mkono wangu wa ujanani, za pikapu za mizigo. Akaniambia zinazonifaa ni nyeusi. Sasa niambieni, mtu aliyefika kidato cha nne, tena fizikia akaipasi, atamwekea mjukuu wake vijiti vile vyembamba na hali nene zipo? Niliangalia unene. Hiyo ndiyo fizikia yote niliyoitumia.

Fundi wangu, Shaame, tangu nimjue hajamwambia mteja neno hapana. Alizitazama, akasema, "Zitaingia tu, mzee," na zikaingia, baada ya kukata huku na kutoboa kule. Jioni nikaileta gari barazani kwetu, na wazee wenzangu wakaacha vikombe vyao vya kahawa, wakaja mmoja mmoja kuikandamiza pembeni mwa boneti kwa kiganja, kama madaktari wanaopima tumbo, na gari haikutikisika hata chembe. Rafiki yangu Kombo, ambaye amefanya kazi maisha yake yote kwenye mikarafuu ya Kizimbani na kwa sababu hiyo anajua kila kitu kuhusu magari, akatoa hukumu: "Hii sasa gari. Ile ilikuwa godoro."

Furaha ilidumu mpaka nilipoitia barabarani. Lililokuwa godoro limekuwa meza. Nikikanyaga kokoto naisikia kwenye meno, na meno yenyewe ni ya bandia, yakawa yanazungumza bila ya mimi. Nikarudi kwa Shaame, akanambia kwa utulivu kuwa shokapu hizi zimezoea mzigo, zikipata uzito zitalainika. (Hili angeweza kulisema kabla ya kutoboa, lakini sikumuuliza, na mimi namheshimu sana mtu anayejibu alichoulizwa.) Dawa ilikuwa kurudi dukani kuchukua zile nyeusi. Lakini harusi ilikuwa imeshafika mlangoni, na kurudi dukani kulitaka nimwambie muuzaji kuwa nimekosea, na nikiwa mkweli, lililonizuia si harusi.

Kombo akaleta dawa yake. Uani kwake kulikuwa na mchanga uliobaki alipojenga, na magunia makuukuu aliyotoka nayo Kizimbani. Tukajaza, tukafunga midomo, tukayapanga kwenye buti, na wallahi gari ikatulia, ikawa inakwenda kama inateleza juu ya samli. Springi zake kongwe zililalamika na mkia ukashuka, lakini nikajiambia, nani anaangalia mkia wa gari?

Nitawaambia nani. Siku ya harusi tumetoka mjini vizuri kabisa, mimi na kanzu mpya, Rahma nyuma na somo yake, yule bibi aliyemfunda, hina na asumini na udi umejaa gari nzima, nyuma yetu pikapu iliyobeba kitanda chake na kabati, na nyuma ya pikapu basi la wanawake, Bi Salama ndani, vigelegele njia nzima. Tumeshaingia barabara ya kusini, askari akanyoosha mkono. Ulikuwa msimu wa karafuu, na msimu ule gari yenye mkia chini huwa na maana moja tu: kuna mtu anapitisha karafuu za magendo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuna bibi harusi hapa."

Akatupongeza vizuri sana, kijana mwenye adabu, kisha akazunguka nyuma, akasimama, akavuta pua. Magunia yale, lazima niseme, yalikuwa yamebeba karafuu tangu enzi na enzi, na jua la mchana lilikuwa limeyapasha.

"Mzee, nasikia harufu ya karafuu."

"Ni singo ya bibi harusi," nikasema, na si uongo, nani kwetu anamsinga bibi harusi, kumsugua mwili kwa manukato, bila ya karafuu?

Akafikiri kidogo. "Singo inakaa kwenye buti?"

Nikafungua. Alipoyaona magunia yamefungwa midomo yamepangwa safu, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemkuta babu yake anaiba kuku. Vigelegele vikakatika. Wanawake wakaanza kuteremka kwenye basi, simu zimeinuliwa juu. Na mimi, kwa furaha ya mtu asiye na hatia, nikapaza sauti ili basi zima lisikie: "Si karafuu. Fungua uone. Mchanga mtupu."

Akafungua, akachota, akauacha umwagike taratibu kwenye vidole vyake.

"Kweli mchanga," akasema. "Kibali chake kiko wapi?"

Hapo nikakumbuka kuwa kisiwani kwetu mchanga nao hauchukuliwi hivi hivi. Yaani nimejitoa katika kosa ambalo sikulifanya kwa kulikiri nililolifanya, tena kwa sauti, mashahidi basi zima. Ikabidi nieleze habari ya shokapu tangu mwanzo. Alisikiliza yote, kisha akamwita mwenzake, akanambia, "Hebu mueleze na huyu, mzee." Nikaeleza tena. Wakageuka wote wawili kutazama msitu, mabega yanawacheza.

Kwa heshima ya bibi harusi wakatuachia, lakini mchanga ubaki pale. Nikayavuta magunia mwenyewe, na la mwisho likapasuka kwenye kanzu yangu.

Gari ikarudi kuwa meza. Tuta la kwanza, maua ya Rahma yakagonga dari. Tuta la pili, maua yakabaki darini. Somo yake akaanza kusoma dua ya safari kwa sauti, na hapo ndipo Rahma aliponigusa bega.

"Babu," akasema, "niwie radhi. Nisimamishie."

Gari yenye nafasi ya karibu ilikuwa ile pikapu. Akaingia mbele na somo yake, na mimi nikaifuata nyuma, gari yangu tupu inaruka kama chura. Pikapu imebeba kitanda, godoro na kabati la milango mitatu, inapita kwenye matuta kana kwamba yamefutwa. Na chini ya bodi yake, kwa kuwa nilikuwa nyuma na sina la kufanya ila kutazama, nikaziona: nene, nyekundu, ndugu za zile zangu, ziko kazini kwao.

Bwejuu nilifika wa mwisho. Bi Salama alikuwa akinisubiri nje na kelele za harusi ziko ndani. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Lete." Nikampa ufunguo.

Gari haikurudi nyumbani. Ilichukuliwa na hoteli moja huko huko, wameisimamisha getini katikati ya maua, haiendi popote, wageni wanaipiga picha. Nikienda kumtazama Rahma napita pale, na mara ya mwisho mlinzi alipogeuka nikaikandamiza pembeni mwa boneti kwa kiganja. Haikutikisika. Mwisho wa yote imepata kazi inayolingana na shokapu zake. Na mimi, wallahi, muuzaji akinambia nyeusi, nitachukua nyeusi, hata kama ni kiatu.