Nukta ya Kwanza Katika Msafara

Kazi yangu hapa Birmingham ni rada inayofungwa tumboni mwa ndege. Haijali nyumba wala miti. Inachuja kila kilichosimama na kubakiza kinachotembea barabarani. Gari linakuwa nukta. Nukta zikifuatana kwa mwendo mmoja bila kupitana, programu inaandika: msafara wa kijeshi. Programu hiyo nilishiriki kuitunga, na nilikuwa najivunia.

Siku tuliyomzika mama nilichukua likizo. Wenzangu wakapaa na ndege ya majaribio bila mimi. Sisi tulitoka mtaa wa Handsworth, gari la jeneza mbele, wengine nyuma yake. Mjomba, kaka yake mama, alikaa kando yangu akisoma Yasin, akikatiza tu ili anifokee: "Weka taa za hazard, mwanangu! Usimwache mtu akaingia katikati!" Sikumwacha. Basi moja lilitupigia honi barabara nzima ya Soho Road, nami nikamkazia macho dereva wake.

Niliporudi kazini, bosi alinionyesha rekodi ya siku ile akiwa na furaha tele. Msafara safi kabisa, alisema, wateja wataupenda. Nikaitazama barabara, nikaitazama saa. Nukta zilikwenda polepole, zikapinda kwenye lango la makaburi, zikazimika moja moja. Programu ikaandika: shabaha zimepotea.

Nilimwambia ni akina nani wale. Akanipa pole, pole ya kweli, kisha akasema tusiguse kitu. Hili ni jaribio tu, hakuna aliyeumia.

"Leo hakuna," nikasema. "Toa hilo neno, msafara wa kijeshi. Andika magari."

"Wateja hawaji hapa kununua magari. Na ukiniharibia biashara hii, usirudi kazini."

Mama yangu, aliyekuwa akiomba radhi hata akikanyagwa yeye, ndiye wa kuitwa jeshi?

Wateja walipokuja, mimi ndiye niliyepangwa kueleza. Neno lilikuwa palepale kwenye skrini, jekundu. Nikaisimamisha rekodi.

"Programu yetu imekosea," nikasema. "Hawa wanakwenda kuzika."

Bosi akainuka kwenye kiti. Mteja mmoja akauliza mtu atajuaje hayo kutoka angani.

"Hatajua. Mimi najua kwa sababu nukta ya tatu ni mimi. Ya kwanza ni mama yangu."

Nikalifuta lile neno mbele yao wote, nikaandika: magari. Kisha nikachukua koti langu.