Sahani Niliyoirudisha

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo, pamoja na uzee huu, najikuta nimeinamisha uso. Sikuwa na nia ya kumsimulia mtu. Lakini jana nilikusikia, mwanangu. Shangazi yako alikukaribisha chakula, ukamwambia, "Nimeshiba, shangazi," na mimi niliyekaa pale nikasikia tumbo lako likinguruma! Nilicheka kimoyomoyo. Kisha nikakumbuka kwamba wiki ijayo unapanda ndege peke yako kwenda nchi ya watu, kicheko kikaniishia. Kaa hapa. Weka simu chini, haitakimbia.

Nilikuwa binti wa hapa hapa Mgori, miaka ile Mwingereza bado anatawala Tanganyika. Dada yangu mkubwa alifariki akijifungua, na mtoto wake naye hakukaa. Kutoka hapa mpaka mjini Singida hapakuwa na mkunga aliyesoma, hata mmoja. Kwa hiyo misheni ilipotafuta msichana wa kupeleka Uganda kusomea ukunga, nilijitokeza mwenyewe. Baba alikuwa ameshaanza kuzungumza na watu habari za ng'ombe wa mahari yangu. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Nenda. Lakini urudi na kazi hiyo mkononi."

Mama alinifungia unga wa uwele na mlenda mkavu aliousaga mwenyewe, akaupakia kwenye kikapu. Nikapanda lori mpaka Itigi, treni mpaka Tabora, treni nyingine mpaka Mwanza, halafu meli. Mimi niliyeliona ziwa letu la Singidani tangu utotoni nilidhani ziwa nalijua. Lo! Maji tu, ng'ambo haionekani. Nilikishika kikapu changu kwa mikono miwili nikalia bila haya, maana hakuna aliyenijua. Katika watu wote wale hapakuwa na hata mmoja wa kusema naye Kinyaturu. Nikawa nakisema peke yangu, polepole, ili tu nikisikie.

Huko hospitali tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, na mgeni wa kutoka Tanganyika ni mimi tu. Tuligawiwa chakula kibichi kila Jumamosi, ndizi na karanga, na wasichana wale walikusanya cha kwao pamoja, wakapika chungu kimoja, wakala kwenye mkeka mmoja. Mimi ndizi za kupika nilikuwa sijaziona. Nilizichemsha na maganda yake, kama viazi. Cheka, cheka tu, hata mimi sasa nacheka.

Kitanda jirani na changu kilikuwa cha msichana aitwaye Nakato, aliyetutangulia mwaka mmoja. Alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku ya kwanza kabisa alisimama mlangoni akanipungia mkono: "Jangu tulye." Njoo tule. Hilo hata asiyejua Kiganda angelielewa kwa mkono ule. Nami nikajibu kama nilivyofundishwa na mama yangu: "Asante, nimeshiba."

Unajua kwetu mambo yanavyokwenda. Binti aliyelelewa hakimbilii chakula cha watu. Anakaribishwa, anasema nimeshiba. Anakaribishwa tena, anasema nimekula sasa hivi. Mara ya tatu mwenyeji anamshika mkono, anamkalisha, na hapo ndipo anakula, tena kwa kujivutavuta. Basi nikasimama pale nikisubiri mara ya pili. Nakato akatabasamu, akaitika kwa kichwa, akarudi kwa wenzake. Walikula. Mimi nilirudi kitandani na njaa yangu.

Kesho yake akaniita tena. Nimeshiba. Keshokutwa, nimeshiba. Kila siku aliniita mara moja, na kila siku nilingoja kushikwa mkono. Moyoni nikasema, hawa hawanitaki, wananiita kwa mdomo tu. Nikawa napika uji wangu wa uwele na mlenda nyuma ya chumba cha kufulia, nakula nikiwa nimeupa ukuta mgongo ili nimwone anayekuja. Nilisikia vicheko vyao kutoka jikoni na kila kicheko nilidhani ni cha kunicheka mimi. Miezi minne, mwanangu! Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilifurahia mgonjwa akiniita jina. Jioni nilihesabu vijiji vya kwetu kutoka Mgori mpaka Ikungi, kimoja kimoja, nikivitaja kwa sauti ya chini ili visije vikanipotea.

Unga ukaisha, nikabaki na zile ndizi nisizojua kuzipika. Nakato naye alishaacha kuniita. Ndipo Jumapili moja, ndiyo hiyo siku ninayokwambia, nikatoka kanisani nikakuta sahani juu ya kitanda changu. Ndizi zimefungwa kwenye jani, mchuzi wa karanga bado unafuka moshi. Nakato amekaa kwenye kitanda chake, anajifanya anashona.

Mate yalinijaa mdomoni. Lakini nikawaza: ananiwekea chakula nile peke yangu? Kwetu mtu haachiwi chakula akala peke yake kama mbwa wa mlangoni. Kiburi kikanipanda. Nikaichukua ile sahani, nikaiweka juu ya kitanda chake vilevile, jani sikulifungua hata kuchungulia. Nikasema, "Nimeshiba."

Aliitazama sahani, akanitazama, akainuka akatoka nje. Sindano yake ilibaki imening'inia kwenye uzi.

Baada ya hapo hatukusemezana. Na mwili nao haukubali kudanganywa. Siku chache mbele, asubuhi, tulikuwa tunamzalisha mama mmoja, mimi nimeshika beseni la maji ya moto. Nikaona giza. Nilianguka na beseni lote, na maji yakamwagika hatua moja tu kutoka alipolala yule mama. Mkunga mkuu, Mzungu asiyecheka, aliniita ofisini. Alisema nikianguka mara nyingine ananirudisha kwetu, kwa sababu hawezi kuweka uhai wa watu mikononi mwa msichana asiyeweza kusimama. Akilini nilimwona baba amesimama mbele ya nyumba, na mimi nashuka kwenye lori mikono mitupu.

Nilikwenda kulilia kwenye chumba cha kufulia. Mle alifanya kazi Mama Koku, mwanamke mtu mzima kutoka Bukoba, mtu pekee pale aliyesema Kiswahili cha kueleweka. Siku zote tuliishia kwenye shikamoo na marahaba. Siku ile alikamua shuka lake, akalitundika, ndipo akauliza, "Unalia nini?"

Nikamweleza yote. Kwamba hawanipendi, hawajanibembeleza hata siku moja, wameniwekea sahani kama mbwa.

"Wamekualika mara ngapi?"

"Kila siku, lakini mara moja moja."

Mama Koku aliweka mikono kiunoni. "Ebo! Binti wa watu, unataka uitwe na ngoma? Hapa mtu akisema ameshiba, wanaamini ameshiba. Wanaliheshimu neno lako! Wao ndio wanaolia kwamba msichana wa Tanganyika anawaona wachafu. Yule mwembamba alikuja hapa kuniuliza watu wa kwenu wanakula nini. Alisema, 'Sijui nimemkosea nini.' Hiyo sahani aliitoa kwenye fungu lake yeye, siku hiyo hakula."

Nilikimbia mpaka bwenini. Mlenda ulikuwa umebaki konzi moja chini ya kikapu; nilipanga tuupike, tukae, tule wote wawili. Kitanda cha Nakato nilikikuta kimekunjwa godoro. Alikuwa amemaliza mafunzo yake, na asubuhi ile ile, mimi nikiwa ofisini nakaripiwa, gari lilikuwa limemchukua kwenda zahanati ya mbali huko ndani.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo mama yangu angelisikia angejifunika uso. Nilikwenda kwenye mkeka bila kuitwa, nikakaa. Wote waligeuka kunitazama. Kisha msichana mmoja akasukuma jani mbele yangu, nikala, machozi yanadondokea ndizi. Sehemu ya Nakato ilikuwa wazi ubavuni kwangu.

Nilimwandikia barua mbili. Nikampa salamu dereva wa lori. Kama zilifika, sijui. Nilimaliza masomo, nikarudi, na wewe mwenyewe nimekupokea kwa mikono hii, na mama yako kabla yako. Baba alipata alichotaka. Lakini Nakato alibaki akijua kwamba nilimkinai, na mpaka leo sijala chakula chake.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Huko uendako, ukiitwa mara moja, itika mara hiyo hiyo. Usimpime mtu kwa mizani ya nyumbani ambayo yeye hajawahi kuiona. Ukiona wamekuumiza, uliza kabla hujanuna. Na akija mgeni kwako akasema ameshiba, mkaribishe tena na tena, huenda katoka kwa watu kama sisi.

Mungu wa baba zetu akutangulie njiani. Akupe afya ya mwili, kazi ya mikono, na mtu wa kukuwekea chakula siku ambayo huna wa kumwita. Na akupe akili ya kukipokea ukiwa bado unamwona usoni.

Haya, shangazi yako ndiye huyo analeta ugali. Nenda kanawe mikono.