Fundi Sia na Herufi Iliyopotea

Ilifika wakati wateja wa Sia hawakuja tena kwa ajili ya nguo. Nguo zilikuwa zimejaa Arusha nzima. Mitumba ilimwagwa chini kila asubuhi, gauni la Ulaya likauzwa kwa bei ya vifungo, na mafundi wengi wa mtaa wa Sakina wakabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Kiwanda alichoanzia kazi kilikuwa kimefungwa. Mumewe Elieza alikuwa amezikwa kwao Machame. Mwanawe Rodrick alikuwa Dar es Salaam, na simu yake ilikuja kwa jirani, sikukuu kwa sikukuu. Kilichobaki kilikuwa cherehani yake na fremu ya duka ya usharika, ile ya mwisho upande wa barabara ya Nairobi, ambayo wazee wa kanisa walimpangisha alipofiwa.

Wateja walikuja kwa ajili ya kitabu.

Kitabu hicho alikuwa ameachiwa na mgeni mmoja, mfasiri wa mahakama ile ya kimataifa iliyokuwa pale Arusha, ambaye Sia alimshonea mapazia. Mgeni alipohama alimpa kitabu kinene cha Kiingereza kisicho na jalada. Sia alikuwa na kidato cha nne na kamusi ya marehemu. Jioni alisoma, mchana akawasimulia waliokuja kupimwa, mguu ukiwa juu ya cherehani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika mji mmoja wa Ulaya, padri mtunza maktaba anakutwa amekufa, kidole kimelowa wino. Rabi mmoja, yaani mwalimu wa dini ya Wayahudi, alikuwa amefariki na kuacha gombo la mafundisho ya siri yanayoitwa Kabala. Mle mlichorwa mti uliopinduka, mizizi juu mbinguni, matawi yakishuka duniani, na kila tawi ni sifa moja ya Mungu: hekima, rehema, hukumu. Gombo lilikuwa limekamilika ila herufi moja. Wakubwa fulani wa kanisa waliliiba na sasa wanaiwinda ile herufi, maana wanaamini atakayeipata ataweza kulitamka jina la Mungu na kuutawala ulimwengu. Anayeijua ni mjane wa yule rabi peke yake.

Kwenye kitabu mjane alikuwa anafundisha piano. Sia alimfanya fundi cherehani, na hakuona kosa.

"Hana mtoto huyo mama?" aliuliza Susana siku moja. Susana alikuwa Mmeru, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Elerai, na gauni lake la kitenge lilikuwa limefunguliwa na kushonwa upya mara kadhaa ili apate sababu ya kukaa na kusikiliza.

"Anaye mmoja. Yuko mbali, hapigi simu ila sikukuu."

"Kama wako."

"Kama wangu. Inua mkono nipime kwapa." Sia akarudi kwenye kiti, akakanyaga cherehani, akaendelea. "Sasa wale wakubwa wa kanisa wanakutana kwa siri, usiku. Hawatafuti neno la Mungu wale. Ni Kabala tu."

Cherehani ile ilikuwa kuukuu na ilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Susana alikwenda nyumbani akiwa amesikia kwamba wakubwa wa kanisa wanakutana kwa siri, na ni kabila tu.

Mwezi ule usharika ulikuwa unachagua wazee wapya. Kila jina lilipotajwa ibadani, watu walisikiliza kwanza ukoo: huyu Mmeru, huyu Mchaga, huyu wa upande gani. Maneno ya Susana yakapita katika uchaguzi ule kama moto kwenye mabua. Jumapili iliyofuata hakuna aliyekaa benchi moja na Sia. Jumatatu aliitwa ofisi ya usharika.

Mchungaji alikaa mezani. Mzee Aminieli, mwenyekiti wa wazee, alikaa dirishani na fimbo yake. Ni yeye aliyekuwa amempa Sia ufunguo wa fremu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Rodrick. Tumekupangisha chumba ushone. Tunaambiwa unakitumia kutugawa. Kama ni kweli, tutakuomba ufunguo."

Sia alijua hana kwingine pa kuweka cherehani. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, hata kwa asilolijua. Lakini walipomrudishia maneno yake, alikaribia kucheka.

"Sikusema kabila, mzee. Nilisema Kabala."

"Tofauti yake nini?"

Akaeleza: gombo, mti, herufi, jina lililofichwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo mchungaji alivyozidi kukunja uso.

"Mama, hayo ya kutafuta nguvu katika jina la siri, kwetu tunaita uganga."

Sia akaona ameruka majivu na kukanyaga moto. Akakumbuka maelezo ya kurasa za mwisho za kitabu, yaliyomkesha na kamusi. Kabala, kwa lugha ya Wayahudi, ni kile kilichopokewa: mkubwa anampa mdogo, naye anampa mwenzake.

"Kwa Kiswahili, mchungaji, nadhani tungesema mapokeo."

Mzee Aminieli aligeuka kutoka dirishani. "Mapokeo ya wazee. Marko saba."

"Na Yesu aliyakemea," mchungaji alisema.

"Aliyakemea," mzee alikubali. "Lakini sijasoma mahali alipowanyang'anya fremu."

Mchungaji akacheka kwa pua. Wakakubaliana Sia abaki, ila neno lile asilitaje tena, aseme Mapokeo. Jumapili Mzee Aminieli akalieleza jambo hilo kwenye matangazo, kwa ufupi, kati ya harambee ya mabati na mazoezi ya kwaya.

Susana hakuja siku kadhaa. Alipokuja alikuwa na lile gauni, safari hii limechanika kweli.

"Mama Rodrick, mimi nilisikia kabila."

"Najua. Cherehani ilikuwa inalia."

"Basi ukifika penye neno gumu uisimamishe. Sisi walimu tukisikia vibaya tunafundisha darasa zima."

Sia aliisimamisha, maana walikuwa wamefika mwisho wa hadithi. Wakubwa wamemzunguka mjane, wamemwekea gombo mapajani, wanangoja. Yeye anaomba uzi, anaushona ukingo uliochanika, analikunja, anawarudishia. Hawajasikia kitu.

Susana alisogeza kiti karibu na cherehani.

"Kwa hiyo hakuwaambia?"

"Hakuwaambia."

"Na wewe uliyesoma, hiyo herufi umeijua?"

Sia aliukata uzi kwa meno, akalikung'uta gauni, akampa.

"Ya kwao sijui. Ya kwetu ilikuwa i."