Dawa ya Jino la Mama

Hata leo, harufu ya karafuu kwenye pilau hunikasirisha.

Nilikuwa binti mdogo, enzi za Mdachi. Jino lilimtesa mama mpaka akakubali tushuke misheni. Sista alikanda unga mweupe kwa mafuta ya karafuu, akaziba tundu.

“Funga mdomo mpaka dawa igande,” alimwambia.

Tukaanza kupanda mlima kurudi nyumbani. Kila aliyetusalimia nilimjibu mimi: “Mama ana dawa jinoni, haongei.”

Jirani yetu mmoja aliacha jembe. “Mwenzangu, umeninunia?”

Mama hakuvumilia. Alimsimulia yote, tangu jino lilipoanza kuuma, mpaka dawa ikadondoka.

“Mama! Si uliambiwa unyamaze?”

“Nimpite mtu kama jiwe?” akafoka, machozi yakimlenga. Akashika shavu, tukageuka kushuka tena.