Joto Lililoonekana Bungoma

Mwezi wa saba, huku kwetu nje kidogo ya mji wa Kitale, baridi haibishi hodi. Inashuka pamoja na ukungu wa Mlima Elgon, inapita chini ya mlango na kukalia kochi kabla ya mwenye nyumba. Kwa miaka mingi mimi na mke wangu tuliikabili kwa jiko la makaa. Likishakolea nje tulilibeba hadi sebuleni, tukalizunguka na kufanya ibada ya jioni. Nina hakika baadhi ya zaburi ndefu nilizosoma zilivumiliwa kwa sababu ya jiko hilo.

Kisha kifua cha mke wangu kikaanza kumsumbua. Daktari alikataza makaa ndani ya nyumba, na akasema baridi nayo isimpate. Binti yetu, ambaye ni nesi na ameolewa Bungoma, alilichukua neno la daktari akaliongezea lake. Alipiga simu akaniambia nifungulie sauti ili tusikie wote wawili.

"Baba, wekeni hita za stima. Nyumba isiposhika joto, mimi nakuja kumchukua Mama akae huku kwangu mpaka baridi iishe. Huku kuna jua."

"Na mimi?"

"Wewe uko na ng'ombe."

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Tangu tuoane sijawahi kukaa mbali naye isipokuwa siku za mikutano ya kanisa, na hata huko nilikuwa nikirudi nimekonda.

Basi tukaenda mjini Kitale. Hita za ukutani hazikutusumbua, zote zilifanana. Kilichotusumbua ni kile kidude cha kuzisimamia, kinachopima joto la nyumba, kinawasha na kuzima hita chenyewe, na kinampelekea habari mtu kwenye simu yake popote alipo. Binti yetu alikuwa ametuagiza tuulize themostati. Muuzaji alituwekea mbili mezani, moja ya mraba na nyingine ya duara yenye kioo cheusi.

"Mzee, hii ya duara ni mwerevu," alisema. "Inajifunza tabia zenu. Mnaamka saa ngapi, mnalala saa ngapi. Baada ya muda inajua yenyewe."

Mke wangu aliitazama kwa huruma. "Mimi tabia za huyu mzee zimenishinda mpaka nikazeeka. Hii kitu itaweza?"

"Itajaribu, Mama."

"Basi tuichukue. Angalau nipate wa kusaidiana naye."

Fundi alikuja siku iliyofuata, mtu mzima mwenye kofia ya sufu na maneno mengi. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila kuombewa, kwa hiyo nilimwomba avue kofia kwanza. Niliwaombea waya, ukuta na mkono wa fundi, nikawa naelekea kuombea kampuni ya stima, ndipo nikasikia drili ikisema amina kabla yangu. Fundi alisema kidole kiliteleza. Mke wangu akamwongeza chai.

Hita moja aliiweka chumbani na nyingine sebuleni. Themostati aliifunga kwenye ukuta wa sebule, kati ya kalenda ya kanisa na picha yetu ya arusi, akaiunganisha na simu ya binti yetu. Akatupa masharti. Isipigwe na jua, isiwe karibu na mlango wala jikoni, na chupa ya chai ya moto isiwekwe chini yake. Tuliyashika yote. Hakukuwa na sharti lolote kuhusu vitambaa, na simlaumu, kwa sababu hakuijua nyumba yetu.

Katika nyumba yetu kila kitu kina kitambaa cha kufuma. Makochi yana vitambaa, televisheni ina chake, friji ina chake chenye pindo la maua, na redio iliyokufa zamani bado ina chake kwa heshima ya marehemu. Mke wangu na akina mama wenzake wa kanisani hufuma wakizungumza, na huzungumza sana. Kwa hiyo sikushangaa nilipotoka kukamua asubuhi moja nikakuta themostati imefunikwa kitambaa kizito cha sufu ya kijani, iliyobaki aliponifumia sweta. Kilikuwa na ua jeupe katikati.

"Vumbi," alinieleza. "Na tena wageni wakija, hiyo kitu ilikuwa inawakodolea macho."

Nilikitazama, nikamwambia, "Sasa kimependeza. Jumapili tunaweza kwenda nacho kanisani."

Kuanzia hapo nyumba ikawa baridi. Hita ziliwaka kidogo, zikazima, zikakaa kimya. Tulivaa sweta juu ya sweta. Nilimpigia simu binti yetu.

"Baba, mbona huku naona nyuzi ishirini na nne? Nyumba iko na joto!"

"Joto liko Bungoma basi. Hapa Kitale halijafika."

"Si inapima hapo kwenu, Baba!"

"Mwanangu, mimi naongea nikiwa nimevaa kofia ndani ya nyumba yangu."

"Ni uzee huo. Damu inapoa."

Mke wangu alinishika mkono nisijibu. Kila simu ilipoita alikuwa akiziba mdomo kwa leso ili kikohozi kisisikike Bungoma, naye mwenyewe hakutaka kwenda. Kwangu hakusema hivyo. Alisema tu, "Mzee wa kanisa, si uliombea ng'ombe mgonjwa akasimama? Ombea na hii." Niliomba kweli, tena kwa kufunga, nimekaa chini ya kile kitambaa cha kijani. Subira ni zawadi ya Mungu, lakini haipashi miguu.

Siku moja leso haikuwahi. Binti yetu alikisikia kikohozi, akasema, "Nakuja Jumamosi. Mama, weka nguo kwenye begi."

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa mlangoni, sindano za kufumia zikichungulia mfukoni mwake.

"Nani atanitafutia miwani?" niliuliza.

"Tafuta kwenye paji la uso. Huwa iko hapo."

Ilikuwa hapo.

Binti yetu aliingia na koti lake la mvua, akatusalimu, akatetemeka, kisha macho yake yakaenda ukutani.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Kitambaa."

"Najua ni kitambaa! Chini yake kuna nini?"

Hakungoja jibu. Alikiinua, akabaki amekishika juu kama mtu aliyekamata panya kwa mkia. "Mmeivisha sweta! Hii kitu yenyewe hutoa joto kidogo. Mkiifunika inasikia joto lake, inadhani ni la nyumba, inazima hita. Baba, umekaa hapa siku zote hizi hujaona?"

"Nilikuwa nimefumba macho," nilisema. "Nilikuwa naomba."

Tulisimama wote watatu tukiitazama. Namba zilianza kushuka, taratibu, kisha kikasikika kitu kikigonga ndani, na hita ikaanza kunguruma. Binti yetu alisema hawezi kuamini mara moja. Angengoja mpaka chai ya jioni, na sebule isipokuwa na joto, begi linaondoka na mwenyewe. Akakaa kwenye kochi akiwa na koti lake, mikono ameikunja, kama hakimu. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa nikilitazama lile koti tu. Kwanza alifungua kifungo cha juu. Akazungumza na mama yake juu ya wajukuu, akafungua kingine. Chai ilipomiminwa, alilivua na kuliweka pembeni bila hata kufikiri.

Niliinuka nikalibeba begi, nikalirudisha chumbani kabla mtu hajasema neno.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amekunja kitambaa cha kijani magotini, anakitazama kwa huzuni. "Kazi yote hii," alisema. Kisha akanitazama kichwani, mahali ambapo nywele ziliniaga zamani, akakitandaza hapo vizuri, ua jeupe katikati.

"Hapa kikae," alisema. "Humu ndani hakuna kitu cha kuharibika."